Tulivyoinywesha Pikapu

Uvumi ulinikuta gengeni, nimeinama nachagua nyanya.

"Mama Viti," mwenye genge akaniambia bila hata kunitazama, "kumbe ile pikapu ya mzee wa matofali mmeichukua ninyi."

"Tumeichukua sisi."

"Haya. Mungu awatangulie."

Mtu akikuambia Mungu akutangulie na wewe huna safari, ujue kuna jambo. Nikaziacha nyanya.

"Kwani ina nini?"

"Mimi sijasema kitu. Watu ndio wanasema. Eti inakunywa oili. Inakunywa kumshinda mzee mwenyewe, na yule mzee unamjua."

Nikacheka kicheko cha mtu asiyejali. Nikalipa, nikaondoka, nyanya zangu nikaziacha palepale mezani.

Aliyenisoma wiki jana anajua nilikotoka. Ambaye hakunisoma nampa kwa kifupi. Mimi nakodisha viti na maturubai kwa shughuli za watu. Nilibeba kwa mikokoteni miaka mingi, mpaka mimi na mdogo wangu wa kiume tukashirikiana kununua pikapu ya dizeli iliyokwishatumika. Dereva akawa binti yangu, kifungua mimba wangu, mwenye leseni yake mkononi na jasho lake juu ya leseni.

Mdogo wangu hakupendezwa. Mtaa mzima unamwita Mheshimiwa, ingawa hajawahi kuchaguliwa hata ukiranja wa darasa. Yeye alimtaka shemeji yake, kaka wa mkewe, kijana aliyegonga geti la kwao mara mbili. Mara ya pili geti lilikuwa wazi.

Kwenye kikao cha familia akakubali kwa shingo upande, akaweka na sharti.

"Dada, siku nitakayoona tone moja la oili chini ya gari hili, ujue dereva ameshindwa kulitunza. Funguo zinahamia kwangu na tusigombane."

Nikajibu sawa. Mdomo wangu huu umeniponza tangu nikiwa mdogo na haujapata kuniomba radhi.

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Tone moja, na mwanangu anashuka kwenye usukani, anarudi kukaa nyumbani kuhesabu dari.

Kabla ya kazi ya kwanza tuliipeleka pikapu kwa fundi wetu. Anaitwa Polepole, na jina hilo hakupewa kwa uonevu. Alimwaga oili ya zamani, akabadilisha chujio, akamimina mpya.

"Mama, injini hii inabeba lita sita na nusu, ukihesabu na chujio," akaniambia. "Galoni moja la lita tano, na lita moja na nusu juu yake. Usipunguze, usizidishe."

"Ikipungua?"

"Vyuma vinasagana vikavu, injini inakufa."

"Na ikizidi?"

Simu yake ikaita. Akaenda pembeni kubishana na mtu kuhusu radieta, na mimi sikumkumbusha swali langu. Kwetu sisi kitu kuzidi hakijawahi kuwa shida. Labda chumvi.

Sasa rudi gengeni, urudi na ule uvumi. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikatangulia kuamka, nikafungua boneti kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Mbele ya injini, karibu na taa, kuna kijiti kirefu cha chuma cha kupimia oili. Kina alama mbili, ya chini na ya juu. Oili ikiwa katikati ya alama hizo, una amani. Nikakichomoa, nikakifuta kwa kitambaa cha jikoni, nikakirudisha, nikakichomoa tena.

Oili haikufika hata alama ya chini.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala. Ndiyo yale yale. Inakunywa.

Ningemwambia nani? Mume wangu alitaka tusubiri tupate gari lingine, mimi ndiye niliyesema hili ndilo, nikalisifia rangi. Binti ningemtia hofu. Mheshimiwa ndiyo kabisa, ningempa kisu na shingo pamoja. Nikachukua chupa ya oili, nikamimina kikombe kimoja cha chai, cha akiba. Chupa nikaificha stoo, nyuma ya maturubai. Kikombe nikakiosha kwa maji ya moto, ingawa mume wangu alisema chai ya siku ile ilikuwa na utelezi.

Kesho yake nikapima. Chini ya alama. Kikombe kingine.

Keshokutwa vilevile.

Niwaeleze na uwanja wetu ulivyo, maana utahitajika. Umekaa kimlima. Ukimwaga maji mlangoni yanafika getini kabla yako. Stoo ya viti iko kule chini kando ya geti, kwa hiyo pikapu tuliiegesha mkia chini na pua juu, ili kupakia kuwe rahisi. Hendibreki yake ni pambo, tuliikuta imekufa tangu kwa mzee wa matofali. Kwa hiyo tuliiacha kwenye gia na jiwe nyuma ya tairi.

Siku moja naondoa jiwe, nikaona doa. Lilikuwa dogo, la ukubwa wa kifungo cha shati.

Nikapiga magoti. Jeusi, linateleza, linanuka injini. Nikalimwagia sabuni ya unga, nikalisugua mpaka sementi ikang'aa kuliko uso wangu.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikajua limekuja.

Kesho yake doa lilirudi, kubwa kama kisosi, na juu yake kulikuwa na unga wa mbao. Sikushtuka. Mume wangu ni seremala, unga wa mbao unamdondoka kila anakopita, mpaka kwenye sukari tunaukuta. Siku iliyofuata nikakuta boksi limetandazwa pale chini. Nikasema binti alilala juu yake kukagua tairi.

Jioni tukakaa kula. Mume wangu ndiye aliyeanza.

"Gari linaendaje?"

"Vizuri," binti akasema.

"Halina tatizo?"

"Halina. Kwani umesikia lina tatizo, baba?"

"Mimi? Nisikie wapi?"

"Mama, na wewe umesikia?"

"Kuleni, chakula kinapoa."

Kilikuwa kimepoa zamani.

Ikaja kazi kubwa. Chuo cha ushonaji, kule juu kilimani, kilikuwa na mahafali. Viti vyote tulivyo navyo na maturubai yote. Wakipendezwa, wangetuchukua kila mwaka. Asubuhi hiyo, binti anapaka mafuta mikono, mimi nikaenda kwenye boneti. Kijiti kikasema yale yale. Nikafikiria ule mlima, nikamimina vikombe viwili.

Nilipofunga tu boneti, geti likagongwa. Mheshimiwa huyo, shati limepigwa pasi mpaka linaumiza macho.

"Leo nasafiri na nyinyi," akatangaza. "Nataka kujionea utendaji."

"Karibu mjomba," binti akasema, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha daktari wa meno.

Mheshimiwa akainama, akachungulia chini ya gari.

"Hili boksi la nini?"

Tulijibu watatu kwa pamoja.

"La paka," nikasema mimi.

"La viti," akasema mume wangu.

"La kukalia, mjomba, ukichoka," akasema binti.

Akatutazama mmoja mmoja. Akalivuta boksi. Chini yake sementi ilikuwa kavu, maana nilikuwa nimeamka mapema na sabuni yangu. Boksi lenyewe lilikuwa na doa upande wa chini, lakini hakuligeuza. Mungu ana huruma na waongo wa aina fulani.

Wakapakia, wakafunga kamba. Mheshimiwa akapakia na kifurushi chake kizito nyuma ya kiti, sikuuliza ni cha nini. Nikamshika binti mkono dirishani.

"Kanuni yetu unaikumbuka?"

"Nikiwa kwenye usukani sipokei simu. Hata ya mama."

"Hata ya mama," nikaitikia, najiona mzazi mwenye busara.

Wakaondoka. Nilipoona moshi wao pale kona, nikaona kama una rangi ya bluu. Nikajiambia ni macho.

Nikatoa vyombo vya asubuhi. Nikaweka beseni pale pale pikapu ilipokuwa imesimama, nikamimina maji, nikapanga sahani. Nikaanza kuosha, huku mawazo yako mlimani.

Maji yakanimwagikia miguuni.

Nikatazama. Upande wa getini maji yalikuwa yamefika ukingoni, yanafurika. Upande wa mlangoni palikuwa pakavu, unaliona mpaka lile ua lililochorwa kwenye kitako cha beseni.

Nikakaa nikalitazama lile ua.

Nikachukua mwiko. Nikausimamisha upande wa mlangoni, ukatoka mkavu. Nikausimamisha upande wa getini, ukalowa hadi kiganjani kwangu. Beseni lile lile, maji yale yale.

Pikapu ilisimama hapa, pua upande wa mlangoni. Kijiti kiko mbele. Oili yote ilikuwa imekimbilia nyuma, kule getini, na mimi kila asubuhi napima pakavu.

Kumbe haikuwa na kiu hata siku moja. Nilikuwa namlisha aliyeshiba.

Nikakimbia stoo kuona kwenye chupa nimetumia kiasi gani. Nikainua turubai lililobaki, lile bovu. Chupa yangu ilikuwapo.

Zilikuwa tatu.

Ya pili ilikuwa na unga wa mbao kwenye kifuniko. Ya tatu ilikuwa imeviringishwa kwenye kilemba cha binti yangu, kile alichoniambia kimepeperushwa na upepo.

Nikaibeba ya pili mpaka kwenye karakana ya mume wangu, hapo hapo ubavuni mwa nyumba. Alikuwa anapiga randa.

"Baba watoto, hii nini?"

Hakuinua kichwa. "Vanishi."

"Vanishi imeandikwa oili ya injini?"

Randa ikasimama.

"Kikombe kimoja tu kila asubuhi, mke wangu. Wakati wewe uko bafuni. Nilisikia watu wanasema inakunywa. Nikipima, iko chini. Nikasema nisikutie presha, gari umelichagua mwenyewe."

"Na unga wa mbao pale chini?"

"Wangu. Na sabuni?"

"Yangu."

"Boksi basi ni la mtoto," akasema, na nusura acheke.

"Leo umeweka?"

"Leo viwili. Safari ndefu."

"Na mimi leo viwili."

Tukarudi stoo wote wawili. Nikaishika ile chupa ya binti, nikaitikisa. Haikulia. Ilikuwa tupu.

Alikuwa anaogopa kunyang'anywa usukani, kwa hiyo alinyamaza kama mama yake. Tumemfundisha vizuri.

Nikampigia Polepole.

"Fundi, lile swali langu. Oili ikizidi?"

"Mbona unauliza leo?"

"Jibu tu, baba."

"Ikizidi, injini inaipiga kama mtu anapiga yai. Inatoa povu, inatafuta pa kutokea, inasukuma mipira ya kuzuia oili, gari linaanza kuvuja. Hata lililokuwa zima."

Nikakaa chini. Yale madoa tuliyazaa wenyewe, kwa vikombe vya chai.

"Imezidi kiasi gani?" akauliza.

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Polepole akaongea haraka.

"Waambie wasimame. Wazime, na wasiiwashe tena mpaka nifike. Hiyo ni dizeli, mama. Dizeli ikianza kuivuta oili yake, inaichoma kama mafuta. Ikifika hapo, ufunguo hauna kauli tena."

Nikampigia binti. Haikupokewa. Nikapiga tena. Haikupokewa. Mwanangu ni mtiifu, na siku ile nilijuta kumlea mtiifu.

Nikampigia Mheshimiwa. Akapokea kwa sauti ya mkutanoni.

"Dada, nilijua tu. Gari linatoa moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi. Nimeamuru tusimame hapa kwenye mwinuko. Nimekagua mwenyewe."

"Mmelizima?"

"Tumelizima. Nimepima oili. Kijiti kikavu, dada. Kikavu kabisa. Binti yako anaendesha injini haina kitu ndani."

"Mdogo wangu, pua iko juu?"

"Pua ya nani?"

"Ya gari. Imeangalia juu?"

"Tuko mlimani, iangalie wapi? Acha maswali ya jikoni. Bahati yenu mimi ni mtu wa kujipanga. Ule uvumi niliusikia na mimi, nikaja na galoni langu nyuma ya kiti. Nimeshamimina."

"Kiasi gani?"

"Lote."

Mume wangu aliyekuwa amebandika sikio kwenye simu akavua kofia, akaishika kifuani.

"Usiwashe," nikasema. "Sikiliza, usiiwashe hiyo—"

"Dada, hapa mtandao ni wa kubahatisha. Leo nitakuonyesha gari linavyoendeshwa. Binti, lete huo ufunguo, kaa pembeni."

Ikakatika.

Nikapiga, haiendi. Mume wangu akatoka mbio kutafuta pikipiki ya kumfuata Polepole. Mimi nikabaki katikati ya uwanja na mwiko mkononi, sijui kwa nini sikuuweka chini.

Simu ikaita. Binti.

"Mama."

"Usiruhusu awashe."

"Ameshawasha."

"Lizimeni."

"Nimezima, mama. Nimechomoa ufunguo kwa dirishani. Ninao hapa mkononi."

Na nyuma ya sauti yake nikasikia injini. Haikuwa ikinguruma, ilikuwa inapiga yowe, na kila nikivuta pumzi, lenyewe linapanda.

"Halizimiki," akasema. "Moshi umefunika barabara. Na tuliliacha kwenye gia kwa sababu ya hendibreki, mjomba akawasha hivyo hivyo. Sasa mguu mmoja uko kwenye klachi, mwingine kwenye breki, ameukumbatia usukani hata gia haigusi, anaogopa kuinua wowote."

"Akiinua?"

"Wa klachi, linapanda mlima. Wa breki, linarudi nyuma na viti vyote."

Usukani aliokuwa akiutafuta, Mheshimiwa alikuwa ameupata.

"Na wewe uko wapi, mwanangu?"

"Niko dirishani kwake. Nimeweka spika, nakuacha naye hapa mapajani pake, mtulize, mwambie asiinue mguu. Mimi nakwenda nyuma kuweka jiwe kwenye tairi."

"Nyuma wapi? Rudi."

Hakunisikia. Alikuwa ameshaondoka. Nikabaki na lile yowe la injini, na ndani yake pumzi za mdogo wangu, fupi fupi, kama alivyokuwa akipumua utotoni akiamka na ndoto mbaya, nami nikimshika.

Naandika haya kwa mzazi yeyote mwenye gari la kuokoteza na moyo wa kuhangaika. Elimu yangu ni ya msingi, lakini haya nimeyasomea kwa gharama. Epuka:

Kupima oili gari likiwa mlimani. Litafutie tambarare, lizime, lisubiri kidogo oili ishuke, ndipo uchomoe kijiti.

Kuongeza oili kwa huruma. Uliza injini yako inabeba lita ngapi, fika hapo, ukome.

Kumwachia fundi aende kabla hajamaliza jibu, hasa ile nusu usiyoona umuhimu wake.

Kufuta doa kabla hujajua limetoka wapi.

Kununua maneno gengeni. Nunua nyanya, na ukumbuke kuondoka nazo.

Kufichana ndani ya nyumba moja, hata kama mnafichana kwa mapenzi.

Kuwasha gari ulilolimiminia kitu bila kuuliza waliotangulia wamemimina nini.

Na kumpigia kelele mtu aliyeshikilia breki. Mimi nilimpigia moja tu, nikimwita jina lake la utotoni, mwanangu akiwa nyuma ya tairi na jiwe mikononi. Mdogo wangu akashtuka, akainua mguu. Simu haikuniambia ni upi.